Riwaya za Kabla ya Dune: Kosa Liko Wapi?

Frank Herbert alifariki Februari 1986, akiacha riwaya sita za Dune, hadithi ya kubuni ya kisayansi kuhusu sayari ya jangwa. Mwaka 1999 mwanawe, Brian Herbert, akishirikiana na Kevin J. Anderson, alitoa House Atreides, inayoturudisha kwenye ujana wa Leto, baba yake Paul, shujaa wa Dune. Zimefuata nyingine nyingi, na wapenzi wa Dune hawajapatana hadi leo.

Wanaozikataa huanza na lugha: sura fupi, matukio mbiombio, mawazo ya wahusika yakiguswa juujuu. Ni kweli, lakini kwangu hoja hiyo si nzito. Mwandishi mpya halazimiki kuiga sauti ya marehemu. Anachopaswa kulinda ni maana ya hadithi, na hapo ndipo ninapoumia.

Mtazame Baron Harkonnen, adui mkuu wa ukoo wa Leto. Katika Dune yenyewe, kitabu cha 1965, unene wake unakwenda pamoja na uroho wake: wa chakula, wa mali, wa miili ya watu. House Atreides inasema ni maradhi aliyoambukizwa na Mohiam, mwanamke wa shirika la Bene Gesserit, kulipiza kisasi, baada ya Baron kumbaka. Mwili uliokuwa ukituonyesha nafsi yake umegeuka kuwa habari ya ugonjwa.

Zito zaidi ni vita dhidi ya mashine, vya kale katika ulimwengu wa Dune. Frank aliandika mistari michache tu: watu walizikabidhi mashine kazi ya kufikiri wakitumaini uhuru, wakaishia kutumikishwa na watu wengine wenye mashine. Adui alikuwa binadamu. The Butlerian Jihad ya 2002 inatuletea Omnius, kompyuta inayotawala sayari. Tuwatendee haki waandishi: Omnius alipata mamlaka kwa uvivu wa mtawala mmoja, Xerxes, aliyemwachia kazi zake. Ila hilo linapita upesi, kisha roboti zinatawala kitabu.

Hata hivyo siwezi kuzitupa zote. Kisa cha Pardot Kynes, mwanasayansi aliyewaokoa vijana wa Fremen, wenyeji wa jangwa, na kuwashawishi kwamba jangwa laweza kuota miti, Frank alikisimulia kwa muhtasari katika kiambatisho. House Atreides inakipa nyama. Uliet, Mfremen, anatumwa kumuua Kynes. Kynes, aliyezama katika ndoto yake, anamwambia aondoke tu njiani, na muuaji anakiangukia mwenyewe kisu chake. Frank aliuacha mlango huo wazi, na mwanawe akaingia bila kuvunja kitu.