Kuwafagia wanaolala barabarani Nairobi: nani hufaidi?

Kila malalamiko ya wizi yanapozidi katikati ya jiji, wenye maduka huitaka kaunti iwaondoe watu wanaolala barabarani. Si ombi la kubeza. Mama anayefungua duka alfajiri karibu na Moi Avenue hukuta kinyesi mlangoni na maboksi yaliyolowa mkojo, na anajua mteja akinyang'anywa simu pale, harudi tena. Wanaomwita katili wangefagia mlango huo wiki moja tu.

Lakini msako humnasa nani? Mwizi hodari ana mbio, na pengine ana nyumba ya kurudi. Anayeangukia mikononi mwa kanjo, yaani askari wa kaunti, ni aliyelala: mama na mtoto wake, mzee, kijana aliyelewa gundi, chupa ikiwa bado imefichwa ndani ya mkono wa sweta. Gunia lake la plastiki na vyuma hutupwa, na humo ndimo kilimokuwa chakula cha siku ile, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hulipa kwa kilo. Ukimpokonya gunia, umemsogeza karibu na wizi uleule unaotaka kuukomesha.

Sheria ya uzururaji ilikuja na wakoloni, waliotaka Mwafrika asiye na kazi asionekane mjini. Kenya iliifuta mwaka 1997. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za aina hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika. Hata hivyo, mazoea ya kumkamata mtu kwa jinsi alivyo badala ya alichotenda yamebaki.

Basi waachwe walivyo? Hapa ndipo baadhi ya watetezi wa haki huteleza. Kumwacha mtoto alale mtaroni kando ya Mto Nairobi, eti ni haki yake, ni kumtelekeza. Na si wachache: hesabu ya kitaifa ya 2018 ilipata watu 46,639 wa mitaani, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi.

Mwaka 2003, serikali ya Kibaki ilianzisha hazina ya kurekebisha familia za mitaani, na baadhi ya vijana wakapelekwa NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, kujifunza ufundi. Naliunga mkono wazo hilo kuliko lori lolote la msako, kwa sababu lilimpa mtu pa kwenda. Ila ufundi peke yake hautoshi. Fundi aliyehitimu bila chumba wala kazi atarudi kwa wenzake kwenye mzunguko wa barabara wa Globe, kwani hao ndio jamaa alio nao. Kaunti ikitaka abaki alikopelekwa, imlipie kodi ya chumba ya miezi ya kwanza na kumwunganisha na mwajiri kabla hajamaliza mafunzo. Hilo ni ghali, na wenye maduka wana haki ya kuuliza fedha zitatoka wapi. Waulize pia misako inayorudiwa kila mara inawagharimu kiasi gani.