Woodrow Lloyd naye tumpe haki yake

Kila ukizuka mjadala wa bima ya afya kwa wote, atatokea mtu wa kututolea mfano wa Kanada, na jina litakuwa lile lile: Tommy Douglas. Imenichosha. Sawa, Douglas anastahili. Akiwa waziri mkuu wa jimbo la Saskatchewan, ndiye aliyeleta bima ya hospitali huko mwaka 1947, na uchaguzi wa 1960 aliushinda kwa kuahidi kwamba hata ada ya daktari italipwa na bima ya umma. Lakini madaktari walipofunga kliniki zao mwaka 1962 kuipinga bima hiyo, hakuwa tena waziri mkuu wa jimbo. Novemba 1961 alikuwa amekwenda kuongoza NDP, chama kipya cha siasa cha kitaifa, na ahadi ikabaki mikononi mwa Woodrow Lloyd, aliyemrithi uwaziri mkuu.

Huyu alikuwa mwalimu wa shule, mzaliwa wa Webb, kijiji cha wakulima wa ngano. Aliingia bunge la jimbo mwaka 1944 kwa kiti cha Biggar, akapewa Wizara ya Elimu akiwa bado kijana, akakaa nayo hadi 1960. Humo aliunganisha kamati ndogo ndogo za shule za vijijini kuwa wilaya kubwa, na wanakijiji wengi walimnunia. Kugombana na watu wa kwao alikuwa amekuzoea.

Mei 1962 alikwenda mwenyewe kuzungumza na madaktari waliokusanyika Regina, mji mkuu wa jimbo, kuipinga sheria yake ya bima hiyo. Wakamzomea. Tarehe 1 Julai sheria ikaanza, nao wakagoma kwa siku 23. Hebu fikiria mama mjamzito kwenye mji mdogo wa nyika ile, kliniki pekee imefungwa, na majirani wanakuambia mkosaji ni serikali. Magazeti yalimshambulia Lloyd, kamati za wazazi zikaandamana. Angeweza kuahirisha, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuahirisha. Serikali yake iliita madaktari kutoka Uingereza, na Lord Taylor, daktari Mwingereza, akasimamia maridhiano yaliyotiwa saini Saskatoon tarehe 23 Julai.

Wapo wanaosema alilegeza mno, kwa sababu madaktari walibaki kulipwa kwa kila huduma na kuendesha kliniki zao binafsi. Ni kweli, hapo walipata walichotaka. Lakini jambo alilolipigania halikuguswa: kila mkazi yumo kwenye bima, tajiri na maskini. Mimi huo ndio uongozi ninaouheshimu. Kuahidi jukwaani wanaweza wengi. Kusimama na ahadi wakati daktari wa mtoto wako mwenyewe huenda ni mmoja wa wanaokuzomea, hilo ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 1964 wapiga kura wakaiondoa serikali yake. Ross Thatcher wa chama cha Liberal, aliyekuwa ameongoza upinzani dhidi ya sheria hiyo, akachukua madaraka na hakuthubutu kuifuta. Mwaka 1966 bunge la taifa, Ottawa, likapitisha sheria ya kuieneza bima hiyo nchi nzima. Lloyd alibaki kiongozi wa upinzani hadi 1970, akaenda kufanya kazi ya Umoja wa Mataifa Korea Kusini, akafariki Seoul mwaka 1972. Televisheni ya taifa ilipowaita Wakanada mwaka 2004 wamchague Mkanada mkuu kuliko wote, walimchagua Douglas.