Mtoto wa kushika tochi

Aliyekulia kwenye nyumba yenye mtu wa magari ameshawahi kushika tochi. Mkono unakufa ganzi, mwanga unayumba, na kutoka chini ya gari inakuja sauti: "Mulika hapa! Siyo hapo, hapa!" Hapa wapi, hujui, maana kichwa cha mwenye sauti kimeziba kila kitu. Ukiuliza swali unaambiwa subiri, ukichoka unaambiwa huna maana. Kisha gari linawaka, na unamsikia mkubwa wako akiwatambia wageni kwamba mmelitengeneza pamoja.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hilo tangu siku tulipoiburuta MGB ya 1966 hadi kwenye banda la nyumbani. Ni gari la wazi, viti viwili, paa la turubai la kukunja. Magari hayo yalianza kuundwa Uingereza mwaka 1962 na yakaendelea hadi 1980, zaidi ya 500,000 ukijumlisha na yale yenye paa la bati, kwa hiyo vipuri vyake vinapatikana mpaka leo, hata bodi nzima mpya ukitaka. Hiyo ndiyo hoja niliyompa mke wangu. Yeye akainama, akabonyeza kidole kwenye mhimili ulio chini ya mlango wa kushoto, kidole kikazama hadi kiungo cha pili. Akakitoa kikiwa cha rangi ya hudhurungi, akaniuliza, "Na hiki nacho ni kipuri?"

Niseme msimamo wangu mapema. Mtu anayejisifu kwamba anafufua gari na familia yake, huku wenzake wote ni washika tochi na wachota maji, anafanya kazi peke yake mbele ya watazamaji. Ukitaka msaada wa nyumbani, mpe kila mtu kazi ambayo akiiharibu gari litaharibika, halafu ukubali kwamba katika kazi hiyo neno lake linazidi lako. Hilo la pili ndilo gumu. Mimi lilinigharimu wiki tatu na mita kadhaa za bati.

Wenye magari ya kawaida hawaujui ugonjwa wa magari ya wazi. MGB haina chasisi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Gari lenye paa la bati lina paa hilo la kulishikanisha mbele na nyuma. Letu halina. Chukua boksi la viatu, ondoa kifuniko, lishike ncha zote mbili ulikunje, utaona linavyolegea. Kinacholizuia gari la wazi lisikunjike hivyo, zaidi ya kitu kingine chochote, ni mihimili miwili inayopita chini ya milango, na kwa bahati mbaya hapo ndipo kutu inapopenda kukaa. Maji yanapenya kwenye mishono ya turubai, yanalowesha zulia, yanatulia sakafuni. Magurudumu yanatupa tope kwenye pembe za ndani, na tope likikaa halikauki. Matundu ya kutolea maji yanazibwa na majani. Kama gari limetembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa theluji, ndiyo kabisa.

Tena kutu haili kwa adabu. Hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ikiingia kati ya bati mbili zilizobanwa pamoja inazitanua kama kabari kwenye gogo. Unachokiona nje ni kipele kidogo chini ya rangi, ukubwa wa punje ya mtama. Ukikigusa kwa bisibisi, bisibisi inatokea upande wa pili. Sisi tulipokwangua mhimili wa kushoto tulikuta puti nene, na nyuma ya puti magazeti yaliyoshindiliwa. Mtu fulani kabla yetu aliona hiyo ni dawa. Kijana wangu mdogo, ana miaka tisa, aliyakunjua yale magazeti taratibu na kutusomea matokeo ya mpira wa miguu ambayo nusu yake ilikuwa imeoza.

Sasa kuhusu kipimo.

Kabla ya kukata mhimili wa gari la wazi, unachomelea kwanza mabomba ya chuma kukatiza uwazi wa mlango, ili bodi isijikunje wakati uti wake wa mgongo haupo. Unakata upande mmoja tu, unaumaliza, ndipo unahamia wa pili. Stendi unaziweka mahali ambapo uzito utakaa kama unavyokaa gari likiwa kwenye magurudumu yake. Hayo yote niliyajua. Binti yangu mkubwa, wa miaka kumi na mitatu, nikampa futi ya chuma na daftari: kila asubuhi, kabla mtu hajagusa chombo, apime uwazi wa mlango kona kwa kona, mara mbili kila upande, aandike. Nikiri kwamba nilimpa kazi ile ili akae mbali na grinda. Kwangu mimi ilikuwa tochi ya aina nyingine.

Siku ya kumi na moja akaniambia, "Baba, kushoto imekuja fupi. Milimita tano."

"Pima tena, mwanangu."

Akapima tena. Tano.

"Labda futi haikunyooka."

Akaniangalia, akaiangalia futi, hakusema kitu. Mimi nikavuta kinyago usoni nikaendelea kuchomelea, maana mashine ilishapata moto, na nilishaahidi kwamba Jumapili ile upande mmoja utakuwa umekwisha. Wiki mbili baadaye tukapachika mlango. Chini ulikaa vizuri, juu ukagota kwenye nguzo ya nyuma na kukwaruza rangi. Stendi moja ilikuwa imeteleza na kusogea nyuma, kiuno cha gari kikabonyea, nami nikakichomelea kikiwa vilevile kimebonyea. Hapakuwa na njia ila kukata kila kitu upya. Nilipolifungua daftari kutafuta ni lini hasa kosa lilianza, nikakuta ukurasa wa siku ya kumi na moja, vipimo vyote vinne kwa mwandiko safi, na pembeni maneno mawili: Baba amekataa.

Sijawahi kuhukumiwa kwa maneno machache kama hayo.

Kuna watakaosema watoto hawana kazi gerejini, wanapoteza nati na kuchelewesha mambo. Ni kweli wanachelewesha. Kazi ya saa moja inakula asubuhi nzima, na kuna nati ambazo mpaka leo sijui zilikokwenda. Lakini aliyeharibu nati nyingi kuliko wote hapa kwetu ni shemeji yangu, mtu mzima mwenye vifaa vyake. Nati nyingi za gari hili ni za vipimo vya inchi. Spana ya milimita 11 inaingia kwenye nati ya 7/16 bila shida, kwa sababu zinakaribia kulingana, basi ukishafanikiwa mara moja unadhani na nyingine zitakubali. Spana ya 13 kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, nayo inaonekana imekaa. Inakaa hadi utakapoikaza nguvu. Nati yenye kutu inanyolewa kona zote na kubaki duara. Shemeji alizinyoa nne kabla kijana wangu hajamwonyesha kopo lililoandikwa inchi. Mtoto alikuwa amezipanga spana zote kwa sehemu, kuanzia 7/16, 1/2, 9/16 na kuendelea, na hesabu za sehemu zilizokuwa zikimtoa machozi shuleni zikawa mchezo wake.

Huyohuyo ndiye alikuwa bwana wa ndoo. Vipande vidogo vyenye kutu tulivisafisha kwa umeme: ndoo ya plastiki, maji, magadi kidogo, na chaja ya betri. Waya hasi unafungwa kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye chuma chakavu kinachojitolea. Usitumie chuma kisichoshika kutu upande huo wa chanya, kwani maji yatazalisha sumu ya kromu. Na ndoo ikae nje kwenye upepo, kwa kuwa vile viputo vinavyopanda ni haidrojeni. Mtu mzima ndiye aliyechomeka na kuchomoa chaja, lakini uamuzi wa lini kipande kimeiva ulikuwa wa mtoto. Alikataa bawaba moja mara tatu. Alikuwa sahihi mara mbili, na ile ya tatu nilimwachia kwa heshima.

Sisemi kila kazi ni ya kila mtu. Rangi za zamani mara nyingi zina risasi, msasa mkavu unaigeuza vumbi la kuvutwa. Bitana za breki za miaka ile zinaweza kuwa na asbesto, usizipulize kwa hewa. Rangi za kisasa za kuchanganya na kikaushio zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, kinyago cha kitambaa hakiizuii, na hata mimi niliishia kumpelekea fundi mwenye chumba na vifaa vyake. Na hakuna mtu, awe mtoto au mtu mzima, anayeingia chini ya gari lililosimama kwa jeki tu. Hapo sijadiliani na mtu, hata mama yangu mzazi.

Mama ndiye aliyeshona viti. Alikuja na cherehani yake, akaangalia ngozi zilizochanika, akazifumua moja moja, akazitumia kama mfano wa kukatia mpya. Niliingilia mara moja tu, kumwambia kwamba mishono ya kiwandani ilikuwa imeachana kwa nafasi nyembamba zaidi. Akasimamisha cherehani. "Nani atakaa hapa, wewe au kiwanda?" Wapo wapenzi wa magari haya ambao mshono wa aina hiyo utawakosesha usingizi, wanataka kila skrubu iwe kama ilivyotoka Abingdon, kwenye kiwanda kilichoyaunda. Ninawaheshimu, wameyaokoa magari mengi. Lakini gari lililofufuliwa nyumbani na likafanana na lililotoka kiwandani limeficha watu waliolifufua, na mimi sioni faida ya kuwaficha. Mishono ya mama imebaki ilivyo.

Kama unataka kujua iwapo kweli mnafanya kazi pamoja, toeni hewa kwenye breki. Mmoja amekaa kwenye kiti, mguu kwenye pedali. Mwingine amelala kando ya gurudumu na spana ndogo, mpira mwembamba na chupa. "Bonyeza." "Nimebonyeza." Unafungua, mafuta yanatoka na viputo, unafunga. "Achia." Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi ndani na mnaanza upya. Tulianza upya mara sita, na mara nne kati ya hizo kosa lilikuwa langu, nilikuwa nasema "achia" huku spana bado inazunguka. Mke wangu ndiye aliyetambua, kwa sababu yeye alikuwa anausikia mguuni ulaini ambao mimi nisingeweza kuuona. Akabadilisha utaratibu: yeye ndiye atakayetoa amri, mimi nifungue na kufunga tu. Gurudumu lililofuata lilikwisha kwa dakika tano. Mafuta ya breki, kwa taarifa yako, yanakula rangi. Kwenye ukingo wa tairi la nyuma kuna doa la kunikumbusha niwe na kitambaa chenye maji karibu.

Na kabureta. MGB ina mbili aina ya SU, na lazima zivute hewa sawasawa. Kuna vifaa vya kupimia, lakini njia ya kale ni kuchukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mvumo wa hii kisha wa ile. Masikio yangu yameshaharibiwa na grinda. Mwenye ndoo akasikiliza, mikono nyuma, mbali na feni, akatoa ripoti: "Hii inasema sss, hii inasema shhh." Nikazungusha skrubu hadi zote zikasema sss.

Miaka miwili na miezi minne ilikuwa imepita, ikafika siku ya kulitoa gari. Mlango wa kushoto, uliokatwa mara mbili, binti yangu aliupima asubuhi ile bila kuombwa na kuandika daftarini bila kutuonyesha. Ndipo likaja jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria muda wote huo: gari lina viti viwili, na nyumba ina watu watano, bila kumhesabu shemeji, ambaye alishakuja na miwani ya jua. Mke wangu akasema zamu zipangwe kwa haki. Kijana akasema kwa haki gani, ya saa za kazi au ya umri? Shemeji akaanza kutaja nati.

Mama hakuchangia hoja. Alizunguka upande wa kushoto, akakaa kwenye kiti alichokishona, akapanga kanga yake vizuri mapajani. Binti yangu akamfungia mlango kwa vidole viwili, akainamisha kichwa kusikiliza ukibana. Ulibana.

"Haya," mama akasema, "washa."