Kuflashi kishikwambi cha mtoto: achana na boksi, soma bodi

Kishikwambi cha mtoto kikikwama kwenye nembo, wengi hutafuta mtandaoni jina lililoandikwa kwenye boksi, wanapakua faili lenye jina hilo, wanaflashi, yaani wanaandika upya mfumo wa Android ndani yake. Hapo ndipo kinapoharibika zaidi. Jina la boksi ni la muuzaji. Vile vya inchi 7 vyenye prosesa ya Allwinner A33, RAM ya MB 512 na Android 4.4, hutoka na jina lilelile huku ndani bodi zikitofautiana.

Fungua mgongo kwanza, kwa kadi ya plastiki, si bisibisi. Piga picha maandishi meupe ya kwenye bodi, namba iliyo kwenye utepe wa tachi, na chipu ya Wi-Fi. Tafuta romu, yaani faili la mfumo la kuflashi, kwa hizo tatu.

Tachi ndiyo inayosumbua kuliko vyote. Chipu za tachi za kampuni ya Silead, kama GSL1680, hazina kumbukumbu ya kudumu: kila kikiwashwa, mfumo ndio unaozipakia maelekezo yake. Ukiweka romu ya paneli nyingine, picha inakuja safi kabisa, ila unagusa kushoto panajibu kulia, au kimya. Watu hununua tachi mpya bure kwa ajili ya hili. Wi-Fi isiyowaka ni dereva (programu ya kuendesha chipu) wa chipu nyingine. Kioo chenye mwanga bila picha, mara nyingi ni vipimo vya paneli isiyo yake.

Kukifufua si kazi ngumu. Hali ya FEL, njia ya dharura ya kupokea mfumo kupitia USB, imo ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo romu mbovu haiwezi kuifuta. Chaji betri kwanza. Kizime, shikilia kitufe cha sauti, chomeka USB kwenye kompyuta, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha haraka haraka kama mara 10. Kioo kitabaki cheusi, usishtuke. Kwenye Linux, amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB, itaonyesha 1f3a:efe8, na amri ya sunxi-fel version itataja A33. Isipoonekana, badilisha waya kabla ya kulaumu bodi. Nyaya nyingi za bei chee ni za chaji tu. Kwenye Windows, programu ya kuflashi ya PhoenixSuit itauliza kama ifute kila kitu: kubali. Ukitumia PhoenixCard, inayoflashi kwa kadi ya kumbukumbu badala ya waya, andika kadi kwa hali ya Product, na ikimaliza chomoa kadi kabla ya kuwasha, la sivyo inaanza upya.

Kama bado kinawaka, nakili sehemu za kumbukumbu ziitwazo nanda hadi nandd kwa amri ya dd kabla ya kugusa chochote. Hiyo nakala ina thamani kuliko romu yoyote ya kupakua.

Kwa maoni yangu, romu ya kubuni, isiyo ya kiwandani, haina faida kubwa kwenye mashine hizi. Bora romu ya asili, iliyoondolewa takataka kwenye /system/app, folda ya programu zinazokuja na mfumo. Kurudisha mipangilio ya kiwandani hakugusi sehemu hiyo, na mwaka 2023 shirika la EFF la Marekani, linalotetea haki za kidijitali, lilieleza kishikwambi cha watoto kilichouzwa kikiwa na mabaki ya programu hasidi ndani yake.

Halafu kuna tovuti zisizofunguka. Android iliyo chini ya 7.1.1 haina cheti cha mzizi cha Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya usalama vya tovuti nyingi, kwa hiyo kivinjari chake kitagoma kuzifungua tovuti hizo hata tarehe ikiwa sahihi. Firefox 68, ya mwisho kwa 4.4, hubeba orodha yake ya vyeti, weka hiyo.