Besi ya Wiki Tatu

Mzee alisimama katikati ya sebule yangu, hapa South B, mguu wa kulia ukiwa hewani, akingoja ngoma imfikie. Haikumfikia. Akaushusha mguu polepole kama mtu anayetafuta ngazi gizani, akanigeukia.

"Kijana, huyu mwimbaji alikuwa anaumwa?"

Baba mkwe wangu alicheza rumba miaka ya sabini, na Jumapili ile nilimwalika makusudi aje aone gramafoni yangu mpya. "Mpya" ni lugha ya heshima tu. Ilikuwa mtumba wa Marekani, lakini wa daraja la juu: sahani nzito ya alumini, mota imekaa pembeni, mkanda wa mpira ukiunganisha hizo mbili. Muuzaji alinipa pia transfoma ya kushusha umeme kutoka volti 240 hadi 120, akaniambia niko sawa. Nami nikaamini niko sawa. Kwa wiki tatu kila mgeni aliyeingia nilimkalisha kochi la katikati, nikamwambia, "Sikia hiyo besi. Sauti nzito hivi, iliyotulia hivi, huipati kwa mashine za bei rahisi." Wakasikiliza. Mmoja akasinzia, nikahesabu hilo kuwa sifa.

Na si kwamba nilikuwa mzembe, hapo ndipo panaponiuma. Mkono, ule unaobeba sindano, niliusawazisha kama inavyotakiwa: unazungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sambamba na sahani, usipande wala usishuke. Kisha unashika uzito usisogee, unageuza pete ya namba peke yake hadi sifuri. Halafu unazungusha vyote pamoja mpaka kipimo cha sindano yako. Yangu ni Ortofon 2M Red, inataka gramu 1.8. Sikuiamini pete, nilinunua mizani ndogo ya dijitali Luthuli Avenue nikahakikisha. Wengi hupunguza uzito wakidhani wanaionea santuri huruma, kumbe sindano nyepesi mno ndiyo inayorukaruka mferejini na kuchuna kuta zake. Hata transfoma niliiweka mita moja kutoka kwenye mkono, kwa sababu ikikaribia sindano, spika zinaunguruma. Niliazima pimamaji ya fundi mwashi nikalaza sahani sawasawa. Nilipima kila kitu isipokuwa mwendo.

"Leta saa," mzee akasema. "Na kipande cha karatasi."

Tukabandika karatasi nyekundu ukingoni mwa sahani. Santuri kubwa inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo dakika tatu ni mizunguko 100 kamili. Mzee alishika saa, mimi na mke wangu tukahesabu kwa sauti. Tulipofika 61 mtoto akaingia kuuliza kama chapati zimeisha, hesabu ikavurugika, tukaanza upya. Mara ya pili hatukujibu mtu. Dakika tatu zikaisha.

"Themanini na tatu," mke wangu akasema, bila huruma.

Nikahamishia mkanda kwenye ngazi ya 45, ile ya santuri ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika, nikiomba Mungu. Hapo ikawa 37 na nusu kwa dakika, na mwimbaji akaanza kuimba kama mtu anayekimbilia matatu ya mwisho ya Githurai. Ama alale, ama akimbizwe. Kutembea tu hakukuwepo.

Jumatatu nikaibeba hadi Luthuli. Fundi hakuiwasha hata. Aliipindua, akamulika kibandiko cha mota kwa tochi ya simu, akacheka kabla ya kusema neno. Pameandikwa 120V, na pembeni yake 60Hz.

"Boss, transfoma imefanya kazi yake. Imeshusha volti. Lakini umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60, na transfoma haigusi hapo. Mota hii inafuata mapigo hayo, haifuati volti."

Hamsini kwa sitini ni 83 kwa mia. Namba niliyoihesabu kwa sauti mbele ya wakwe. Na mwendo ukipungua hivyo, sauti nayo inashuka, karibu nusutoni tatu, yaani vitufe vitatu vya kinanda vinavyofuatana. Hiyo ndiyo iliyokuwa besi yangu.

Niliuma meno nikikumbuka Technics SL-1200 niliyoikataa kwa sababu "kila DJ anayo". Hiyo, tangu ilipotoka 1972, mota yake inazungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, na mwendo unashikwa na saketi yake yenyewe. Ya Marekani ukiipa transfoma, inatosha, hutahesabu karatasi.

Dawa ya yangu ni puli, kile kigurudumu cha kwenye mota kinachovuta mkanda. Kikinenepa, sahani inaongeza mwendo. Nilipima cha zamani: milimita 10. Nikazidisha kwa sita, nikagawanya kwa tano, nikaenda Kariobangi Light Industries kwa fundi wa kukereza vyuma nikiwa na jibu langu: 12.

Puli la kwanza alilipima kwa rula. Tundu likakaa kando kidogo ya katikati, na nyumbani mwimbaji, aliyekuwa mgonjwa, sasa akawa analia: kila noti inapanda na kushuka. La pili alilipima kwa venia, kile kipimo cha mafundi kinachosoma hadi sehemu ndogo za milimita, tundu likakaa katikati sawasawa. Nikahesabu dakika tatu: 98 na nusu. Nikarudi kumlaumu. Akanyoosha mkono. "Mkanda uko wapi?" Sikuwa nimeubeba. Mkanda nao una unene, milimita moja, na unene huo unahesabika pamoja na puli. Kwa hiyo si 10 kwenda 12. Ni 11 kwenda 13.2, kisha unatoa ile moja. Jibu ni 12.2, na ngazi ya 45 ni 16.8. Alilipisha puli tatu, na alikuwa na haki.

Mia moja kamili. Nikarudia mara mbili kwa raha tu.

Jumapili iliyofuata mzee akaja, nikaweka ile ile santuri. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kumbe ni mwanamke!" Wiki tatu nilikuwa nikiwasimulia watu kuhusu mwanamume mwenye kifua kizito, na santuri ina jina lake limeandikwa waziwazi.

Mzee hakusema kitu. Alishapiga hatua mbili, akageuka, akakanyaga kwa ile nguvu yao ya zamani. Kabati lililobeba gramafoni lina mguu mmoja mfupi. Sindano ikaruka kutoka wimbo wa pili hadi wa nne.

Rafu ya ukutani nimeshaagiza. Kwa sasa anachezea koridoni, mlango ukiwa wazi.