Aliyeshika Tepu Naye ni Mtafiti

Kijana wa Mombasa anayesomea biolojia akipata nafasi ya kukaa kwenye kituo cha utafiti msituni, namwomba jambo moja: jina la mwenyeji aliyepima miti pamoja naye lisiishie kwenye ukurasa wa shukrani wa ripoti yake ya utafiti. Liwe juu, karibu na lake.

Chukua Amani, kule Usambara Mashariki. Kutoka hapa ni kuvuka Likoni, kupita Lunga Lunga hadi Tanga, kisha kupanda kutoka Muheza. Wajerumani walianzisha kituo chao pale mwaka 1902, na mkusanyo wa mimea mikavu ulioanzia huko ukahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kila karatasi ya mkusanyo wa namna hiyo huandikwa jina la mkusanyaji. Aliyeukwea mti akalikata tawi, mara nyingi hatajwi.

Na kazi yenyewe ni ya mikono na macho. Wanaochunguza ndege hutoka kabla ya alfajiri kufungua nyavu, kisha huzizungukia tena na tena, maana ndege akisahaulika wavuni hufa. Wanaopima miti hubeba tepu, rangi na daftari. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Mti wenye mizizi iliyopanda kama kuta hupimwa juu ya mizizi hiyo, hata kwa ngazi. Alama ya rangi huachwa pale pale, ili atakayekuja miaka kadhaa baadaye asipime mahali pengine akadhani mti umesinyaa. Jioni ni kukausha majani ndani ya magazeti, na nguo ambazo kwa unyevu ule hazikauki.

Kule kisiwa cha Barro Colorado, Panama, kuna eneo la hekta 50 ambalo tangu miaka ya 1980 kila mti wenye kipenyo cha sentimita 1 au zaidi huhesabiwa na kupimwa upya, kwa kawaida kila baada ya miaka 5. Mashina ni zaidi ya 200,000! Elimu yote iliyotoka pale imesimama juu ya mikono isiyochoka.

Wapo wanaosema mwandishi wa utafiti ni yule anayechanganua takwimu. Sikubaliani nao. Mgeni hutafuta ua ili autambue mti, na ua liko juu mno. Mwenyeji hukwangua gome kwa panga, hutazama utomvu, hunusa, kisha hukwambia huu ni msambu. Huo ni uchanganuzi, tena wa kwanza. Jina likikosewa hapo, jedwali zima limeharibika.

Kijana wetu hana kisingizio cha lugha, kwa sababu Amani kazi huzungumzwa kwa Kiswahili. Kwa hivyo kabla hajaondoka, awasomee wenyeji aliopima nao matokeo, waulizane na kubishana. Wakimwambia mti fulani si msambu, warudi naye msituni wakautazame upya, ndipo aandike.