Posho: fidia ya gharama au ujira wa kukaa kitini?

Ukiagiza posho Kampala utaletewa ugali. Hiyo ndiyo maana ya zamani: chakula alichopimiwa mpagazi, askari au kibarua wa mashamba. Tanzania chakula kikageuka fedha, na fedha ikazaa matawi: posho ya kujikimu, ya kikao, ya nyumba, ya madaraka, ya mazingira magumu. Wakenya wameyakusanya yote wakayaita marupurupu. Na kwa kuwa yote yamo kapu moja, ubishi wa posho huenda mrama kila unapoibuka. Mmoja anatetea ya safari, mwenzake anashambulia ya kikao, kila mtu anaondoka akiamini ameshinda.

Mwaka 2011 tuliliona hilo bungeni. Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA, aliandika barua akitaka asilipwe posho ya vikao. Kuhudhuria kikao, alisema, ndiyo kazi ya mbunge, na kazi hiyo ina mshahara. Kabla mwaka haujaisha ikaibuka habari kwamba posho ileile imepandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku. Spika Anne Makinda akaitetea kwa kusema maisha ya Dodoma yamekuwa ghali. Huenda yalikuwa ghali kweli. Lakini gharama za kulala na kula Dodoma zina posho yake, ya kujikimu, na wabunge walikuwa wakiipata. Hoja ya Zitto ilibaki hapo ilipo, haijajibiwa.

Hata hivyo, wanaotaka posho zote zifutwe wanakata kwa panga lisilochagua. Afisa mifugo anayetumwa kijijini siku tatu kuchanja ng'ombe atalala wapi, na atakula nini? Fedha anayopewa si zawadi, ni gharama ya kazi ya mwajiri. Muuguzi anayeamshwa usiku kumsaidia daktari kwenye upasuaji naye ana haki yake. Halafu kuna mwenyekiti wa kitongoji. Anasuluhisha ugomvi wa mipaka, anaandika barua za utambulisho, anaamshwa mtu akifariki, na mshahara hana. Hata diwani hulipwa kwa posho. Ukiwanyang'anya hao, uongozi wa chini utabaki kwa wenye maduka na mifugo, wanaoweza kufanya kazi bila kulipwa.

Kinachokera ni posho ya kukaa. Aliyewahi kuhudhuria warsha anaijua ratiba: utambulisho, hotuba ya mgeni rasmi, chai na sambusa, mada mbili, chakula cha mchana. Baada ya hapo macho yote yako mlangoni kumsubiri mhasibu na fomu zake. Akiingia, mtoa mada anaongea peke yake. Watu wanasaini, wanahesabu, wanaaga kwamba wana dharura. Kazi ya saa tatu imegawanywa siku mbili, kwa sababu siku mbili ni posho mbili. Ofisini wamebaki mlinzi, dereva asiye na safari na katibu muhtasi aliyechapa barua zote za mwaliko. Wao hawaalikwi.

Anayeumia zaidi, kwa maoni yangu, ni mpokeaji mwenyewe, ila atajua akistaafu. Mchango wa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma ulioanzishwa 2018, ni asilimia 15 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwa mtumishi, na unakokotolewa kwenye mshahara. Posho ya kikao haimo. Mkuu wa idara aliyesomesha watoto kwa vikao atastaafu kwa hesabu ya mshahara mtupu, na mwajiri hatadaiwa chochote.

Kubana posho peke yake nako tumekujaribu. Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli alizuia safari za nje zisizo na kibali na kuhimiza mikutano irudi kwenye kumbi za serikali. Fedha ziliokolewa, na wengi tulipiga makofi. Lakini kima cha chini cha mshahara serikalini kilisubiri hadi 2022 ndipo kikapandishwa kwa asilimia 23.3. Mtumishi alifungiwa dirisha, na mlango haukufunguliwa. Kenya walibana mshahara: mwaka 2013 tume ya mishahara iliupunguza wa wabunge kutoka shilingi 851,000 hadi 532,500 za huko. Baada ya vuta nikuvute wabunge walikubali, huku wakipewa ruzuku ya shilingi milioni 5 kila mmoja ya kununua gari. Kilichotolewa kwa mkono mmoja kikarudi kwa mwingine.

Ningeanza na sehemu iliyo rahisi. Anayelipwa mshahara na serikali asilipwe tena na serikali hiyohiyo kwa kukaa kwenye kikao cha kazi yake. Fungu hilo liingizwe kwenye mishahara, likianzia ngazi za chini, ili likatwe kodi na kuchangia pensheni. Ya safari ibaki, ya mwenyekiti wa kitongoji iongezwe. Semina za wafadhili ni shauri jingine. Mradi mmoja ukifuta posho peke yake, waalikwa watahamia ukumbi wa jirani, kwa hiyo huko lazima wafadhili wakae wakubaliane kiwango kimoja. Na kikao hicho, natumaini, hakitakuwa na posho.